Grupu la Barabara ya 14: chai ya hisani na ngao saba

JUMAPILI USIKU

Katibu: Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, wanajirani wote wa Ngamiani na mlio nje ya Tanga. Jumamosi ijayo tarehe 11 Oktoba ni Siku ya Mtoto wa Kike Duniani. Kamati imekaa leo na kupitisha chai ya hisani, saa 1 asubuhi, uwanja wa nyuma ya ofisi ya mtaa. Kadi sh. 10,000, tunatarajia watu 80. Mapato yanakwenda klabu ya wasichana ya sekondari yetu: taulo za kike na nauli za midahalo. Pia tutatunuku ngao viongozi 7 wa jamii waliosimama na mabinti zetu.

Baba Sele: Saa 1 kweli au saa 1 ya Katibu?

Mama Twaha: 😂😂 Saa 1 ya Katibu ni saa 3 na nusu

Baba Sele: Na supu ipo?

Mhazini: Shemeji, hii ni chai. Vitumbua, chapati, mbaazi za nazi. Supu kainywe kwako.

Katibu: Utulivu jamani. Watakaotunukiwa: Mwenyekiti wa mtaa, diwani, mtendaji, imamu, mchungaji, yule bwana wa duka la vifaa vya ujenzi, na mgeni rasmi.

Mama Twaha: Mbona nimesoma mara mbili sijaona mwanamke

Mhazini: Nimehesabu. Saba kwa saba, wote wana ndevu.

Katibu: Ngao ni ya wanaounga mkono uongozi wa wasichana. Haikuandikwa popote kwamba lazima awe mwanamke.

Mhazini: Sawa kabisa. Mgeni rasmi ameunga mkono nini?

Katibu: Amekubali kuja.

Baba Sele: 🤣🤣🤣 nimemwaga maji

Mwl. Mstaafu: Tusimtupe mtoto na maji ya josho. Mwenyekiti wetu anastahili, hilo mimi ni shahidi. Mwaka jana kuna binti wa kidato cha pili mahari yake ilishapokelewa. Mwenyekiti alikwenda kwa yule baba usiku, hakugomba, alikaa mkekani akamwambia tu: Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayemuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Posa ikarudi asubuhi. Leo huyo binti ndiye mweka muda kwenye mdahalo. Sasa hao wengine sita, mimi sina kisa chao. Mwenye nacho akilete.

(Dakika arobaini, hakuna aliyeandika.)

Mangi Dukani: Sukari imepanda, wenye mpango wa chai waje mapema

JUMATATU

Mhazini: Nimekaa na kalamu. Tusomeni polepole.
Maziwa lita 20: 40,000
Sukari, majani, iliki, tangawizi: 25,000
Mbaazi kilo 10 na nazi 25: 55,000
Chapati 160: 80,000
Vitumbua 240: 48,000
Turubai na viti: 110,000
Spika: 50,000
Jumla 408,000. Kadi 80 zikiuzika zote ni 800,000. Inabaki 392,000.
Sasa ngao 7 kwa 35,000 ni 245,000. Kinachobaki kwa mabinti ni 147,000. Pakiti ya taulo 2,500, tunapata pakiti 58. Klabu ina wasichana 46. Yaani tunakuna nazi 25 ili kila mtoto apate pakiti moja na wanaume saba wapate kioo cha kuweka sebuleni.

Mama Twaha: Allah Allah

Mama Shufaa: Pakiti moja ni mwezi mmoja. Mwezi wa kumi na moja je?

Baba Sele: Kwani hizi vitu si zilitolewa kodi?

Mwl. Mstaafu: Zilitolewa VAT mwaka 2018. Mwaka uliofuata ikarudishwa, hoja ya serikali ikiwa kwamba bei dukani haikushuka.

Mangi Dukani: Msinitazame mimi. Wa jumla alinipa bei ile ile

Mama Twaha: Nani kakutazama Mangi 😄

Mangi Dukani: Nimehisi

Katibu: Wanajirani, kutunuku watu ni kuwapa moyo. Na ratiba ndiyo hii hapa, kila mtu aone kwamba klabu haikusahaulika. Dua na sala, dakika 5. Wimbo wa kukaribisha, klabu ya wasichana, dakika 3. Utambulisho, dakika 20. Nasaha za mgeni rasmi, dakika 30. Ngao, dakika 25. Huduma ya meza: klabu ya wasichana.

Mhazini: Katibu, hebu isome tena hiyo ya mwisho, kwa sauti.

JUMATATU USIKU

Mama Shufaa: Shikamooni wakubwa. Samahani, huyu si mama, ni mimi mwanawe, natumia simu yake kwa ruhusa. Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu mwaka huu. Tumeiona ratiba. Hatukatai kuhudumia, nyumbani tunahudumia kila siku. Ila siku yenyewe imeitwa ya uongozi wa wasichana na sisi tumepewa wimbo na sinia. Tunaomba tuiendeshe sisi. Tunajua kushika muda, kwenye mdahalo mtu akizidisha dakika tunapiga kengele, hata awe nani.

Na kuhusu ngao tumekaa tukakubaliana hivi, kila anayeheshimiwa tumwandikie barua sisi wenyewe kwa mkono, tueleze alichofanya, tarehe na mahali, halafu tuisome mbele yake. Karatasi haina gharama. Ambaye hatuna cha kumwandikia, atusamehe.

Tunao wa kuwaandikia. Kuna kaka wa bajaji anatupeleka Chumbageni kwenye mdahalo, wasichana watano wamebanana, anachukua ya mafuta tu halafu anakaa nje mpaka tumalize, mara moja mpaka saa 2 usiku. Kuna fundi cherehani wa kona, vipande vya flaneli vinavyobaki anatushonea taulo za kufua. Na Mama Twaha siku za mdahalo huwa anatufungia vitumbua kwenye gazeti na kusema tumelipa.

Shikamooni tena.

Mwl. Mstaafu: Marahaba mwanangu.

Mhazini: Marahaba. Mimi nanyamaza, nimesemewa.

Mama Twaha: Ila na wewe mtoto ulikuwa hujui kunyamaza kuhusu vitumbua 🙈

Bajaji ya Kijani: Wakuu mimi nitoeni kwenye hiyo habari. Barabara yenyewe huwa napita

Baba Sele: Chumbageni unapita ukienda wapi wakati kituo chako kiko hapa sokoni?

Bajaji ya Kijani: 😅

Katibu: Mimi sina kinyongo na wazo la binti. Lakini nasema wazi, fundi wa ngao nimeshamlipa kianzio 50,000, ya mfukoni kwangu. Na mgeni rasmi tumeshamwambia kuna ngao. Nitamwambiaje?

Bibi wa Kona: hii ni mjukuu naandika bibi anasema niandike hivi hivi nisipunguze. Mwaka 1955 alikuja Mwingereza wa chama cha Labour anaitwa John Hatch. Akawauliza wakubwa wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na wa kumwonyesha. Ndipo wakaanza kuhangaika mitaani Dar es Salaam, wakampata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, kasoma mpaka darasa la nne. Yeye hakwenda kwa wakubwa, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa akina mama, haikupita miezi mingi wakajaa maelfu. bibi anasema sasa na nyinyi mnangoja mgeni aulize? na anasema Katibu alikuwa analala mgongoni kwake wakati mama yake yuko sokoni, asimjibu vibaya

Katibu: Shikamoo bibi. Simjibu.

Baba Sele: 🤐

JUMATANO

Bajaji ya Kijani: Katibu nimepita kwa fundi wa ngao. Kianzio hakirudi, lakini amekubali kigeuke bango na rimu ya karatasi nzuri ya barua. Nimebeba sampuli

Katibu: Ahsante kijana. Nimeongea na mgeni rasmi pia. Nilimweleza kwamba utaratibu umebadilika, anayetunukiwa anasomewa alichofanya. Akakaa kimya kidogo kwenye simu. Akasema yeye atakuja kama mgeni tu, inatosha. Na dakika 30 nimemshusha.

Mhazini: Mpaka ngapi?

Katibu: 7.

Mhazini: Katibu wewe ni mtu mzuri, tatizo lako unapenda itifaki.

Mama Twaha: Vitumbua vyangu msininunulie. Nipeni mchele kilo 6 na nazi, kazi yangu mimi. Nauloweka Alhamisi usiku, nasaga Ijumaa, unaumuka usiku kucha. Asiniite mtu Ijumaa.

Mwl. Mstaafu: Na huduma ya meza?

Baba Sele: Nimeongea na vijana wa timu yetu. Watashika birika wao. Golikipa ana wasiwasi na maziwa ya moto

Mhazini: Na wewe utashika nini?

Baba Sele: Mimi nitashika msimamo

JUMAMOSI

Mhazini: Saa 1 na dakika 10. Watu 22. Katibu yupo, kavaa koti.

Mama Twaha: Golikipa kamwaga birika la kwanza. Leteni maziwa lita 2 zaidi, MBIO

Mangi Dukani: Zinakuja

Mama Mdogo wa Muscat: Mlioko hapo tunaomba mrushe sauti, sisi huku tuko kazini tunasikiliza kwa siri

Mwl. Mstaafu: Binti kapiga kengele kwa mgeni rasmi. Dakika 7 kamili. Mzee wa watu alikuwa ndiyo kwanza anasema "na mwisho kabisa". Amekaa. Anapiga makofi.

Mama Mdogo wa Muscat: 😂😂😂 WALLAHI

Mwl. Mstaafu: Sasa inasomwa barua ya fundi cherehani. Wameandika idadi: taulo 112, tangu mwezi wa pili. Walikuwa wanahesabu. Yeye mwenyewe anasema hakujua ni nyingi hivyo.

Mama Mdogo wa Muscat: Na ya bajaji?

Mwl. Mstaafu: Imesomwa, mwenyewe hayupo. Kuna abiria alikuwa anawahi maziko Pongwe, kaondoka naye katikati. Barua anayo Shufaa.

Mama Twaha: Mimi yangu sikuisikia, nilikuwa jikoni. Mtu anirudie

JUMAMOSI JIONI

Mhazini: Hesabu, wote muone. Waliolipa 91, tumepata 910,000. Matumizi yale 408,000. Vitumbua vya Mama Twaha havikukatwa kwenye hesabu, zile 48,000 zimeishia kwenye mchele, nazi zake na mafuta. Maziwa ya golikipa na chapati za nyongeza 15,000. Bango na karatasi 50,000, Katibu karudishiwa hela yake. Jumla 473,000. Kilichobaki 437,000, zimo kwenye simu yangu, Jumatatu nakwenda kununua na wasichana wawili wa klabu, wao ndio watakaoshika risiti. Mgeni rasmi ameahidi 300,000. Ahadi sijaiandika, nikiiona nitaiandika.

Mwl. Mstaafu: Ahsante Mhazini. Safi sana.

Bajaji ya Kijani: Nimerudi. Shufaa barua yangu usiitoe kwa mtu nitaifuata mwenyewe

Mama Shufaa: Iko kwenye daftari langu la hesabu, kaka. Mama amelala.

Mama Twaha: Na chuma changu cha vitumbua kimebaki kwa nani? Kile cha matundu saba, mpini umefungwa waya. Kesho nauza.

Baba Sele: Kipo kwangu. Nilikuwa najaribu

Mama Twaha: UNAJARIBU NINI