Pilipili zimeiva kwa wingi: nizisage na siki au nizichachushe kwanza?

Mche Mmoja
Wakuu, habari zenu. Nina kilo 2 hivi za pilipili mbuzi kutoka bustanini, nyingi nyekundu, chache bado za kijani, na bakuli moja la pilipili kichaa. Nataka sosi ya chupa, nyepesi ya kumiminika, si ile nzito ya kuchota kwa kijiko. Nimekutana na maelekezo ya aina mbili: wengine wanasema chemsha na siki usage, wengine wanasema loweka kwenye maji ya chumvi kwa wiki kadhaa ndipo usage. Ipi inakaa muda mrefu? Chumvi iwe vijiko vingapi? Halafu nikimimina mafuta juu ya sosi chupani ili hewa isipite, si nitakuwa nimeihifadhi? La mwisho, sosi za nyumbani hujitenga, maji juu na nyama chini. Dawa yake nini?

Mtungi wa Kioo
Karibu mkuu. Njia zote mbili zinafaa. Ya siki utaila kesho, ila siki ndiyo itakayotangulia puani. Ya kuchachusha inadai wiki 2 hadi 4, na uchachu wake ni mpole, wenye ladha nyingi zaidi. Kwa pilipili mbuzi zilizoiva vizuri mimi nachagua kuchachusha bila kusita, kwa sababu ile harufu yake ya matunda hupotea kwenye siki ya moto.

Kwanza chambua. Ondoa vikonyo, na pasua kila pilipili hata kama nje inang'aa. Pilipili mbuzi ina tabia ya kuota ukungu ndani, mbegu zikawa nyeusi huku ganda likiwa zima. Moja ya namna hiyo inatosha kuharibu mtungi. Zenye mbegu nyeusi tupa nzima.

Usichanganye za kijani na nyekundu. Kijani kikikutana na asidi hugeuka rangi ya zeituni, na ukikichanganya na nyekundu unapata kahawia ya matope. Ladha haina shida, sura tu. Za kijani zitengenezee chupa yake.

Vijiko sahau. Kijiko cha chumvi laini kina uzito mkubwa kuliko kijiko cha chumvi ya mawe, kwa hiyo "vijiko viwili" havina maana. Tumia mizani. Weka mtungi mtupu juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, tia pilipili, mimina maji mpaka yazifunike, kisha soma uzito wa vyote pamoja na uzidishe kwa 0.03. Pilipili gramu 600 na maji gramu 500 ni gramu 1,100, chumvi ni gramu 33. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapiga asilimia 3 ya maji peke yake, yaani gramu 15. Chumvi hiyo ikishaingia ndani ya pilipili, mtungi mzima unabaki na kama asilimia 1.3, na hapo pilipili zinalainika na kuoza kabla bakteria wa asidi ya laktiki, wale wanaochachusha, hawajashika usukani.

Ukipenda kutotumia maji, saga pilipili kwanza, changanya na chumvi asilimia 3 ya uzito wake, jaza mtungini. Sosi yake ina ladha nzito, ila rojo hupanda likisukumwa na gesi na kuacha mifuko ya hewa, kwa hiyo lazima ulikoroge na kulishindilia kila siku kwa kijiko safi. Kwa anayeanza, maji ya chumvi ni rahisi zaidi.

Maji yakiwa na klorini, yachemshe na uyaache yapoe kabla ya kutumia. Acha nafasi ya sentimita 3 au 4 juu. Kila kipande kizame. Cha kukandamizia, tumia mfuko safi wa chakula uliojazwa maji ya chumvi ileile, ili ukivuja usipunguze chumvi. Weka mahali penye kivuli, nyuzijoto 18 hadi 24. Kuanzia siku ya pili au ya tatu utaona mapovu na maji yatakuwa meupe-meupe kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Legeza kifuniko mara moja kwa siku gesi itoke, kisha kaza. Usikifungue kabisa bila sababu.

Siki Kwanza
Naongezea upande wa siki, maana si kila mtu ana subira ya wiki 3.

Pilipili gramu 500, kitunguu kimoja cha wastani, punje 4 za kitunguu saumu, chumvi gramu 15, siki mililita 350. Siki iwe imeandikwa asilimia 5 ya asidi, na usiiongezee maji. Ukitaka kupunguza uchachu weka sukari kidogo. Chemsha kwa moto mdogo dakika 15, acha ipoe, saga, chuja. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya alumini huliwa na asidi na sosi inabaki na ladha ya chuma. Fungua madirisha kabla ya kuwasha moto, kwani mvuke wa pilipili utawakohoza hata walio chumba cha pili. Na usisage ikiwa ya moto kwenye blenda iliyofungwa, mvuke utarusha kifuniko, na kinachoruka huko si supu.

Sasa mafuta. Hapana, mkuu. Mafuta yanazuia hewa, ni kweli, lakini bakteria wa botulizimu hustawi pasipo na hewa, na mafuta hayaongezi asidi hata chembe. Pilipili mbichi au kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, kikiachwa mezani, ni hatari ya kweli, na sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya. Sosi ya mafuta tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.

Mpaka wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka asidi imepanda), juu ya hapo botulizimu inaweza kuota. Sosi ya nyumbani ilenge chini ya 4.0 ili uwe na nafasi ya makosa. Vipimo vya karatasi vinapumbazwa na wekundu wa pilipili. Kama utatengeneza mara kwa mara, tafuta kipimo cha umeme, kirekebishe kwa maji maalumu ya kurekebishia, ya pH 4 na ya pH 7, na upime sosi iliyokwisha kusagwa na kupoa. Ukipima maji ya juu tu, hujapima kilicho ndani ya vipande.

Mche Mmoja
Asanteni sana. Nimeanza na maji ya chumvi, asilimia 3 ya vyote. Leo siku ya sita, juu pameota utando mweupe, mkavu, wenye mikunjo. Nimwage? Na pia, nikitoa mbegu ukali utapungua? Familia haiwezi ukali wa pilipili kichaa.

Mtungi wa Kioo
Utando mwembamba, mweupe, bapa, wenye mikunjo ni hamira za porini. Hazidhuru, ila zikiachwa huleta harufu ya jibini na kula asidi. Engua utando kwa kijiko safi, futa kingo za mtungi, zamisha upya vipande vilivyoelea. Kikiota kitu chenye manyoya, au cha buluu, kijani, cheusi au cha waridi, huo ni ukungu: mwaga vyote. Usikwangue juu ukatumia chini, nyuzi zake zimeshashuka usipoziona.

Mbegu zenyewe hazina ukali wa kutajika. Ukali uko kwenye nyama nyeupe inayoshika mbegu. Ondoa hiyo na utapunguza sana. Vaa glavu. Kapsaisini, yaani kile kinachowasha kwenye pilipili, haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo mikono ikishapata, paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo.

Kupunguza ukali bila kuifanya sosi iwe maji, weka karoti kuanzia mwanzo, hadi theluthi ya uzito wa pilipili. Inachachuka vizuri na inaipa sosi mwili. Matunda matamu kama embe usiyatie mtungini, sukari yake huita hamira na utapata harufu ya pombe. Yaongeze wakati wa kusaga.

Kaza Kifuniko
Hapo kwenye embe pana mtego. Ukitia sukari au tunda kwenye sosi iliyochachuka bila kuipasha moto, bakteria na hamira wanapata chakula kipya na gesi inaanza tena ndani ya chupa iliyofungwa. Chupa za kioo hupasuka hivyo. Ama uiweke kwenye friji tangu siku ya kwanza, au uipashe moto.

Utaratibu: mapovu yakikoma na harufu ikiwa ya uchachu safi, chuja lakini usimwage maji yake. Saga pilipili kwa dakika 3 nzima, ukiongeza maji hayo kidogo kidogo hadi uzito unaoutaka, pamoja na siki kama vijiko 4 vya mezani kwa kila nusu lita. Pima pH. Pitisha kwenye chujio la matundu madogo ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Makapi yakaushe, yasage, ni kiungo kizuri cha unga.

Ya kuweka nje ya friji, ikiwa pH iko chini ya 4.0: pasha hadi nyuzi 85, jaza chupa zilizochemshwa dakika 10 zikiwa bado za moto, funga, zilaze dakika chache sosi iguse kifuniko. Ladha hupoa kidogo na wale bakteria hai hufa. Mimi nachukua friji, ila huo ni uchaguzi wako. Vifuniko vya bati visivyopakwa rangi ndani vitashika kutu.

Kujitenga hakumaanishi imeharibika, ukitikisa inatosha. Kama inakukera, tumia gamu ya zanthani, unga wa kuifanya sosi iwe nzito, gramu 1 kwa kila kilo ya sosi. Inyunyize polepole blenda ikiwa inazunguka. Ukiimwaga kwa mkupuo inafanya madonge yasiyoyeyuka. Ukifika gramu 3 sosi inaanza kuvutika kama ute wa bamia, na haitatoka tena kwenye tundu la chupa.