Naomba ushauri: niuze nyumba ya Mikindani tukapange Tudor?

Mzee_Mikindani

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Mimi ni mstaafu. Tumebaki wawili, mke wangu na mimi, katika nyumba ya vyumba vinne hapa Mikindani, kwa kuwa watoto wameshaoa na kuolewa na kila mmoja ana makao yake. Nyumba ina hati, haina deni, na tumeishi humo tangu kabla ya kitinda mimba wetu kuzaliwa. Kinachonichosha ni kuihudumia. Mabati yanaliwa na kutu kwa chumvi ya bahari, maji ya mfereji hayaaminiki hivyo tunanunua ya bauza, mlinzi wa usiku anataka mshahara wake, kaunti inadai reti, yaani ada ya ardhi, kila mwaka, na nusu ya vyumba tunavifagia tu wala hakuna alalaye humo.

Amejitokeza mnunuzi anayetoa shilingi milioni 8. Nia yangu ni kuuza, tupange nyumba ya vyumba viwili Tudor kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, tugawe vyombo tusivyovihitaji, na fedha tuziweke mahali zitakapozaa, ili tuweze kukaa Lamu kwa binti yetu muda tunaotaka, au kuvuka mpaka kwenda kwa jamaa zetu wa Tanga, bila kuwaza nani analinda lango. Ndugu zangu wanasema mtu mzima hauzi paa linalomfunika. Sitafuti wa kuniunga mkono. Nataka mnionyeshe nisichokiona.

Hesabu_za_Pwani

Mzee wangu, shikamoo. Niruhusu nianze na tarakimu, kwa sababu ndugu zako wanazungumza heshima na wewe unazungumza uchovu, na hakuna kati yenu aliyepiga hesabu.

Tuseme milioni 8 umezinunulia hati za hazina za serikali, yaani umeikopesha serikali ikulipe faida, na tukadirie faida ya asilimia 8 kwa mwaka, ingawa kiwango halisi hupanda na kushuka. Utapata shilingi 640,000, serikali ikate ushuru wa zuio wa asilimia 15, zibaki 544,000, yaani kama 45,300 kwa mwezi. Ukilipa kodi ya 25,000 unabakiwa na takriban 20,000, bila mlinzi, bila reti, bila fundi wa mabati. Mwaka wa kwanza utafurahi sana.

Lakini kodi haitasimama hapo. Mwenye nyumba akiongeza asilimia 5 tu kila mwaka, baada ya miaka 13 utakuwa unalipa zaidi ya 47,000, ilhali faida ya fedha zako ni ileile 45,300, na unga na mafuta navyo vimepanda. Hapo utaanza kumega mtaji wenyewe. Huo si mwisho wa dunia, kwa kuwa milioni 8 bado zipo na ni haki yako kuzitumia, ila ujue kwamba umri huo ndio mtu asiotaka kuambiwa ahame.

Kuna njia nyingine ambayo sijaiona katika maelezo yako: ipangishe nyumba ya Mikindani, nawe upange Tudor. Ukipata 35,000 kwa mwezi, mapato ya mwaka ni 420,000; ushuru wa kodi za makazi ni asilimia 7.5 ya mapato yote tangu Januari 2024, yaani 31,500. Ukitoa na kodi yako ya Tudor unabakiwa na 88,500 za reti na matengenezo. Ni kidogo, nakubali. Faida yake ni kwamba kodi za mjini zikipanda, inapanda unayolipa na inapanda unayolipwa.

Ami_wa_Kibokoni

Hesabu ni nzuri, lakini bwana huyu ametusalimu kwa salamu ya Kiislamu, na faida ya hati za hazina ni riba. Kama jambo hilo linamgusa, aulizie akaunti za mudharaba, yaani za kugawana faida ya biashara, katika benki za Kiislamu, au anunue nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita huko Kisauni, ile ya nyumba bila shamba ambayo bei yake ni nafuu, akae chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki.

Bi_Majengo

Baba, nimesoma andiko lako mara mbili nikimtafuta mkeo. Umetuambia kwamba mmebaki wawili, kisha kila uamuzi ukauandika kwa nafsi yako peke yako. Yeye anasemaje?

Nina mambo mengine mawili. La kwanza ni ngazi. Nyumba nyingi za vyumba viwili zinazopangishwa Tudor kwa bei hiyo ziko ghorofani, na ghorofa nyingi hazina lifti. Maji yakikatika, ambayo yatakatika kwa sababu Tudor na Mikindani zote zimo Mombasa, mitungi hupandishwa kwa mkono au kwa kumlipa kijana wa mkokoteni kwa kila mtungi. Je, miguu yenu itakubali baada ya miaka kumi? La pili ni watu. Sisi huku arusi, khitima na matanga hufanyika nyumbani. Wageni wa matanga utawaweka wapi katika sebule ya kupanga, na mwenye nyumba ataridhia turubai na masufuria uani kwake?

Mhamiaji_wa_Mtwapa

Mimi niliuza nyumba yangu ya Likoni, na sijutii. Nilikuwa naamka usiku mvua ikinyesha kwa kuogopa paa. Sasa mvua ikinyesha nageuka upande wa pili. Paa likivuja nampigia simu mwenye nyumba, na asiposhughulika nahama. Uhuru huo upo kweli, na wanaokukataza uuze wengi hawajauonja. Watoto wangu hawakufurahi, lakini mrithi hana fungu katika mali ya mtu aliye hai, na nikawaambia hivyo.

Ambalo hakuna aliyenieleza ni hili: nyumba haikopeki, fedha hukopeka. Nilipokuwa na nyumba hakuna jamaa aliyekuja kuniomba nusu ya ukuta. Nilipouza, habari zilifika kabla ya hundi, na kila mwenye mgonjwa, mwenye karo na mwenye wazo la biashara alikuja kunisalimu. Fedha zifungie mahali pasipotoka upesi, na bei usimtajie mtu. (Wewe umeshaitaja hapa, lakini angalau jina lako hatulijui.)

Pia andika mkataba. Kodi iongezwe lini, kwa kiasi gani, notisi ni ya muda gani, na dipoziti inarudishwa kwa masharti yapi. Wenye nyumba wengi watakuambia kwamba mnaaminiana. Aminianeni baada ya kutia sahihi.

Karani_wa_Ardhi

Naongeza ya kisheria, nikianzia kwa Ami. Nyumba bila shamba maana yake unanunua kuta na paa, huku ardhi ikibaki ya mtu mwingine unayemlipa kila mwezi. Mzee mwenye hati yake kamili aitoe ili aingie katika mpango huo? Siku mwenye shamba au warithi wake wakiamua kuuza, wewe una matofali tu. Mji huu umejaa kesi za namna hiyo, na nyingine mizizi yake ni sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908. Simshauri.

Bi Majengo ameuliza habari za mke kama jambo la adabu, lakini ni sharti pia. Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi.

Kuhusu pendekezo la kupangisha, kuna mtego ambao Hesabu hakuutaja. Tangu Januari 2023, faida ya kuuza ardhi au jengo hutozwa ushuru wa asilimia 15. Makazi yako binafsi husamehewa iwapo umeishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla tu ya kuuza. Leo Mzee anatimiza sharti hilo. Akihama, akaipangisha miaka kadhaa, kisha akaiuza, atakuwa amelipoteza, na kwa nyumba iliyojengwa zamani kwa gharama ndogo, faida ni karibu bei yote. Kwa hiyo asiipangishe kwa kusema kwamba ataamua baadaye. Kuipangisha ni uamuzi tayari. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, ni juu ya mnunuzi, usikubali kubebeshwa.

Mzee_Mikindani

Nawashukuru nyote. Mke wangu amesoma majibu pamoja nami. Anasema kuuza hakumtishi, kinachomtisha ni ngazi, na kwamba hatatia sahihi ya idhini kabla hajaiona kwa macho yake nyumba ya chini yenye tangi la maji. Hilo nimelikubali.

Dada yangu wa Majengo, kuhusu matanga natofautiana nawe: matanga ni siku tatu, na siwezi kumlipa mlinzi miaka ishirini kwa ajili ya siku tatu. Ndugu zangu wana nyua. Lakini ile hesabu ya mwaka wa 13 imeninyima usingizi, na habari ya msamaha wa ushuru sikuwa naijua kabisa. Kupangisha nimekuondoa katika mawazo, kwani sitaki kuwa mwenye nyumba anayepigiwa simu usiku. Hayo ndiyo ninayoyakimbia. Limebaki moja: tuuze sasa, au tuendelee kukaa, tufunge vyumba viwili na tuachane na mlinzi, mpwa wangu anayesoma mjini ahamie kwetu. Mnunuzi anataka kuleta rubuni, yaani malipo ya kutangulia, wiki hii. Nipokee?

Karani_wa_Ardhi

Usipokee. Rubuni ikishaingia mkononi mwako na makubaliano yakaandikwa, kurudi nyuma kutakugharimu. Mwambie mnunuzi kwamba mama bado anatafuta nyumba, nawe utampa jibu akishaipata. Kama anaitaka kweli, atangoja. Wakati huo chukua nakala ya upekuzi wa hati yako katika ofisi ya ardhi na stakabadhi za reti zilizolipwa, kwa sababu utazihitaji ukiuza na utazihitaji usipouza.