Mionzi Bugando, sisi tuko Kigoma

Habari wakuu, mama mdogo ana kansa ya shingo ya kizazi kaandikiwa mionzi hospitali ya Bugando, Mwanza. Mbona wanataka CT scan tena na picha anazo, na hiyo mionzi si itamuunguza tumbo lote?

— Pole mkuu. Hiyo CT scan ni ya kupanga tiba, analala vilevile atakavyolala kwenye mashine, wanamchora alama kwenye ngozi halafu kompyuta inapiga hesabu miale ipite wapi ikwepe kibofu na utumbo. Akioga asisugue zile alama!

— Mara nyingi ni siku 5 kwa wiki kama wiki 5 hivi, kisha mionzi ya ndani (kifaa kinaingizwa ukeni), kwahiyo tafuteni pa kufikia Mwanza. Akiharisha aseme mapema.

— Asanteni sana, shemeji yuko Nyegezi hapohapo Mwanza, ngoja nimpigie.