Baiskeli kutoka Tanga: Lushoto, Amani au Pangani?

Mkazi wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinapanga safari ndefu baada ya masika, gari la mizigo likitufuata nyuma. Zimebaki njia tatu: Lushoto kupitia Segera na Mombo, Amani kupitia Muheza, au Pangani. Wengi wana baiskeli za gia, wawili watatu wana Phoenix, zile nzito zisizo na gia. Wazoefu, mnasemaje?

Pwani Raha
Pangani! Kama kilomita 50, hakuna mlima wa maana, mkifika mnakula samaki. Kujitesa kwa nini?

Fundi wa Makorora
Pangani ni ya asubuhi moja, mkuu. Waliosema safari ndefu wachague kati ya hizo mbili, na mimi nasema Lushoto.

Ni lami mwanzo mwisho. Tokeni alfajiri, jua la kwenye mkonge halina mchezo. Tanga hadi Segera ni kilomita 70 na kitu. Pale mnaingia barabara kuu ya Moshi na Arusha, mabasi yanapita yakikupepea, kwa hiyo mstari mmoja. Laleni Mombo, msianze kupanda jioni. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini mnatoka mita 400 na ushee kwenda karibu 1,400, na mlima wenyewe hasa uko kabla ya Soni. Kila mtu apande kwa pumzi yake, asimfukuze mwenzake.

Kupanda hakunitishi, kushuka ndiko. Ukibana breki za raba mfululizo, ringi inachemka mpaka tyubu inapasuka. Bana, achia, bana, achia. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani ya kona, maana malori ya kabichi na karoti yanashuka hapohapo. Raba iliyolika ibadilishwe Tanga, msiseme tutaangalia mbele ya safari.

Mama Machungwa, Muheza
Amani mmeipita kama haipo! Kutoka kwetu Muheza ni kama kilomita 35, magari machache, na ukishavuka Sigi ni msitu na kivuli hadi juu. Kuna mashamba ya chai, kuna bustani ya mimea waliyoanzisha Wajerumani mwaka 1902. Ila niseme kweli, ni barabara ya udongo. Mvua huku hainyeshi kwa kalenda, na ule udongo mwekundu unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma. Tairi nyembamba ziacheni nyumbani.

Msambaa wa Soni
Onga mahundo! Mkija kwetu, jirani na Soni kuna Sakharani, misheni ya Wabenedikti wenye divai yao. Msidhani zabibu ni za Dodoma tu. Lakini muonje mkishamaliza kuendesha, nawajua nyie.

Ustadhi wa Ngamiani
Divai tumewaachia wenyewe. Sisi tutakuwa Irente, lile shamba jirani na Lushoto, kwenye jibini na mkate.

Mkazi wa Chumbageni
Basi Lushoto, kulala Mombo. Amani tutaipangia kiangazi, Mama Machungwa usinune. Fundi, wenye Phoenix wapakie baiskeli garini palepale Mombo?

Fundi wa Makorora
Hapana, wapande nazo, wakichoka wasukume. Garini ziingie wakati wa kurudi. Zile breki zao za fito za chuma kwenye kona za Soni siziamini hata kidogo.