Kumtegemea Mungu kivitendo: mtu anaanzia wapi?

Mama wa Mbagala
Wapendwa, naombeni msaada. Kila siku tunaambiwa "mwachie Mungu", "usizitegemee akili zako". Sawa. Lakini mtu anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala, huku kodi ya miezi sita na ada za watoto zinamsubiri, afanye nini hasa? Na tofauti ya kumtegemea Mungu na uvivu iko wapi?

Mzee wa Jumuiya
Dada, anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, unaimaliza kabla gari halijajaa. Miwili ya kwanza ni malalamiko, miwili ni ombi, miwili ya mwisho ni imani. Sali kwa mpangilio huohuo: taja kinachokuelemea kwa jina lake (sema kodi, usiseme "changamoto"), omba cha leo, kisha shukuru. Wengi huruka malalamiko wakidhani ni kukosa imani. Wanasali maneno mazuri, uchungu unabaki moyoni palepale, mwishowe wanaacha kusali kabisa.

Wafilipi 4:13 tunaibandika kwenye vioo vya magari kana kwamba inaahidi kupata kila kitu. Rudini mstari wa 11 na 12. Paulo yuko kifungoni, anasema amejifunza kuishi akiwa na tele na akiwa amepungukiwa. Nguvu anayoitaja ni ya kustahimili hali zote mbili. Ukiigeuza kuwa ahadi ya faida, siku biashara ikidoda utadhani Mungu amekutupa.

Mwili nao una haki yake. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Anayekesha kanisani Ijumaa na kufungua genge Jumamosi bila kulala, asilaumu imani yake akichoka.

Bi Temeke
Assalaam alaykum. Kwetu Waislamu swali la uvivu lina jibu. Qur'ani 3:159 inataja kushauriana, kisha kuazimia, ndipo kumtegemea Allah. Tawakkul, yaani huko kumtegemea Allah, haifuti hesabu. Mtu akitaka kuhamishia biashara Kariakoo, awaulize wenye fremu kuhusu kodi na mzunguko wa wateja, aswali rakaa mbili za istikhara (swala ya kumwomba Allah mwongozo) na dua yake, kisha achukue hatua. Wanaokwama ni wanaokaa kusubiri jibu kwa ndoto, na ndoto siyo sharti.

Mama wa Mbagala
Asanteni sana. Na aliyeomba, akafanya yote hayo, bado analala na hofu?

Mzee wa Jumuiya
Hapo mara nyingi mzigo anaubeba peke yake. Soma Kutoka 18: Musa alikuwa anaongea na Mungu, bado mkwewe Yethro alimwambia atachakaa, agawe kazi kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Kujifungia ndani na kusali tu kunaweza kuwa njia nyingine ya kujitegemea. Aende jumuiya, na asiishie kusema "mniombee". Aseme anapungukiwa kiasi gani na lini kinatakiwa. Amwone mwenyekiti kabla ya ibada kuanza, maana ikiisha kila mtu anawahi shughuli zake. Usingizi ukikatika wiki mbili mfululizo, aende na hospitali pia, huku akiendelea kusali.