PC inawaka, feni zinazunguka, ila monita nyeusi baada ya kubadili prosesa na kesi

mpigapicha_tegeta
Wakuu habarini za jioni, naombeni msaada nimekwama tangu jana usiku na nina video ya sendofu ya kukabidhi Ijumaa. PC yangu ya kueditia ni Ryzen 5 3600, mazabodi (bodi kuu) B450, ramu 16GB yaani mbili za 8, kadi ya grafiki GTX 1650, ilikuwa inapiga kazi bila shida. Nikanunua kesi mpya inayopitisha hewa pamoja na Ryzen 5 5600, nikafungua kila kitu nikahamisha mwenyewe. Sasa nikibonyeza swichi feni zote zinazunguka, taa zinawaka, ila monita inaandika "No Signal" inalala. Nimebadili waya, nimejaribu na TV ya sebuleni, holaa. Naogopa nimeunguza bodi na hela ya nyingine sina.

fundi_saba
Pole sana mkuu. Feni kuzunguka huku skrini nyeusi mara nyingi sio kuungua kwahiyo usianze kununua vitu. HDMI umechomeka wapi? Hiyo 5600 haina grafiki ndani yake, zenye nayo kwenye familia hiyo ni zile zenye G baada ya namba kama 5600G, ukichomeka kwenye tundu la mazabodi utakesha. Chomeka kwenye kadi. Pia ule waya wa umeme wa pini 8 unaoingia kule juu konani karibu na prosesa, wengi wanausahau wakihamisha kesi, feni zinazunguka kama kawaida kumbe prosesa haina umeme. Ramu weka moja tu, tundu la pili kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka klipu ilie.

Na kwa kuwa kesi ni mpya, hesabu vile vinati vya njano vinavyonyanyua bodi. Kikibaki kimoja mahali ambapo bodi haina tundu kinagusa solda kwa chini na inapiga shoti.

mpigapicha_tegeta
HDMI iko kwenye kadi, pini 8 ipo, ramu nimejaribu moja moja zote mbili. Vinati nimetoa bodi nikahesabu viko sawa. Ila nimeona kitu, pembeni mwa bodi kuna vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT, hicho cha CPU kinabaki chekundu hakizimi.

mama_solda
Asante kwa kuangalia hivyo vitaa mwanangu, ndivyo vinavyotuonyesha ilipokwama. Kama kingebaki cha DRAM ningekwambia ramu, cha VGA kadi. Hapa imekwama kwenye prosesa yenyewe, na mimi nashuku BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine. B450 zilitoka 2018, Ryzen za 5000 zimeanza kutoka mwishoni mwa 2020, kwahiyo bodi yenye BIOS ya zamani inaiona prosesa yako kama mgeni asiyemjua, haiendelei. Ile 3600 bado unayo? Irudishe, ikiwaka bodi yako nzima.

Ukitoa hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, usiivute juu wima. Ile pesti iliyopakwa katikati yao ikishika, prosesa inang'oka nayo huku kufuli limefungwa, na za aina hii pini ziko kwenye prosesa yenyewe, zinapinda. Zungusha kidogo kushoto kulia mpaka ilegee ndio unyanyue. Halafu igeuze hiyo 5600 uangalie pini kwa tochi ya simu ukiilaza, mistari yote inyooke, iliyopinda utaiona inavunja mstari.

Ikiwaka shusha BIOS mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi, modeli iwe hiyohiyo herufi kwa herufi, flashi iformatiwe kwa mfumo wa FAT32, ingia BIOS ufanye update kutokea humohumo. Na tafadhali usifanye bila UPS, ile betri ya akiba, umeme ukikatika katikati bodi inaweza isiwake tena.

fundi_saba
Naungana na mama. Bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kuflashi, yaani kuweka BIOS mpya, bila prosesa, ila kama una 3600 mkononi hiyo njia ya mama ni rahisi zaidi.

mpigapicha_tegeta
IMEWAKA na 3600!! Pini za 5600 zimenyooka zote. BIOS ilikuwa ya 2019, nimebeba mashine mpaka kwa jirani mwenye UPS nikaupdate, nikarudisha 5600. Sasa skrini imekuja na maandishi meupe yanasema prosesa mpya imewekwa, fTPM sijui nini, bonyeza Y au N. Sijabonyeza kitu.

mama_solda
Vizuri umesubiri. fTPM ni sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri za mashine, na Y inafuta zile zilizowekwa wakati wa prosesa ya zamani. Kama diski yako imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha una ile namba ndefu ya kuifungulia, tarakimu 48, kwa kawaida iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uangalie. Kama haijafungwa, bonyeza Y tu.

mpigapicha_tegeta
Nimeangalia kwa simu, namba ipo, nimeiandika kwenye daftari. Nikabonyeza Y, ikazima ikawaka, ikaniomba hiyo namba kweli, nikaiingiza, Windows imefunguka na mafaili yote ya sendofu yapo. Mama, fundi, Mungu awabariki sana, sasa hivi inarenda, yaani inaitoa video iliyokamilika.