Mrejesho: Pafu la mke wangu lililokuwa likisinyaa kila mara

Wakuu, mwaka jana niliuliza hapa kwa nini pafu la kulia la mke wangu limesinyaa mara tatu: hewa inajaa kifuani, anawekewa mpira wa kuitoa, anapona, kisha inarudi. Asanteni sana. Yule dada aliyesema tuandike tarehe za hedhi ndiye aliyetuokoa. Mara zote ilitokea ndani ya siku mbili tangu hedhi ianze. Daktari wa kwanza alicheka (sijamsahau). Wa pili, mpasuaji wa kifua, aliitazama kalenda yetu kimya, akapanga upasuaji wa kamera.

Walikuta vitundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na madoa ya kahawia. Maabara ikathibitisha: endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake. Wakaziba vitundu, wakagandisha pafu kwenye ukuta wa kifua, akaanza sindano za kusimamisha hedhi.

CT skani mliyoshauri haikuonyesha kitu. Na alipoacha sindano kwa sababu ya joto la ghafla na kukosa usingizi, hewa kidogo ilirudi, ila haikuhitaji mpira. Sasa anatumia vidonge vya projestini (aina ya homoni), na huu ni mwezi wa tano kifua kimetulia. Maumivu ya bega bado yapo.